Kufuatilia batalioni ya Keya: Kew wana habari za kikosi, za askari hawana

Shajara za vita, yaani kumbukumbu za kila siku za kikosi, za batalioni za King's African Rifles (KAR), yaani Keya, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki, zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London. Orodha yake unaipekua bure mtandaoni. Lakini ukiandika jina la Keya tu utaletewa mrundo, kwa hiyo anza na fungu la nyaraka (WO ni War Office, Wizara ya Vita): WO 95 kwa Vita vya Kwanza, WO 169 kwa Uhabeshi ya 1941, WO 174 kwa Madagaska ya 1942, WO 172 kwa Burma.

Wengi hujikwaa kwenye namba. 1/6 KAR (batalioni ya kwanza ya rejimenti ya 6) na 36 KAR (batalioni ya 36) zote ni za Tanganyika, ila si kikosi kimoja. 1/6 ilipigana Colito, Uhabeshi, Mei 1941, kisha ikaenda Madagaska. 36 ilishuka Bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, ndani ya Brigedi ya 26, pamoja na 22 ya Nyasaland (sasa Malawi) na 44 ya Uganda. Ukikosea namba, utasoma vita vya watu wengine hadi mwisho na hutagundua.

Shajara yenyewe ni fomu C.2118: mahali, tarehe, saa, muhtasari. Siku ya mapigano makali huwa na mistari michache, kwani mwandishi alikuwa na kazi nyingine. Uhondo uko kwenye viambatisho: amri za operesheni, ripoti za doria, ramani. Viambatisho hivyo ndivyo hukosekana, na bila ramani ya wakati ule tarakimu za mahali hazikwambii kitu. Maofisa hutajwa kwa majina. Askari, mara nyingi, ni idadi tu.

Chumba cha kusomea cha Kew hakina lawama. Kadi ya msomaji ni bure ukiwa na uthibitisho wa jina na wa anwani, kupiga picha kwa kamera yako hakulipiwi, kalamu ya wino hairuhusiwi. Aliye mbali ndiye anayeumia: shajara nyingi za Burma hazijawekwa mtandaoni, na nakala hulipiwa. Usiagize mwaka mzima. Kwa Kabaw, Agosti hadi Desemba 1944 inatosha.

Majina yatafute kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, bure. Tafuta kwa kikosi na tarehe kabla ya jina: tahajia zilivurugwa, na aliyeandikwa kwa jina moja tu anaweza kukupita. Matokeo pakua kama jedwali, kisha uyalinganishe na tarehe za shajara. Waliorudi nyumbani hawamo. Ni rejista ya wafu.

Kwa Vita vya Kwanza huduma hii ni dhaifu mno. Ripoti ya Tume yenyewe ya 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo ukimkosa askari au mpagazi wa 1917 kwenye rejista, usimfute kwenye ukoo.