Kliniki ya TB: chumba cha dawa safi, dirishani balaa

Nimeshaandika nyota moja, nikafuta. Sasa nimeweka mbili, na huenda nikazibadilisha kabla sijamaliza.

Juzi kati nilimsindikiza mzee jirani kwenye kliniki moja ya kifua kikuu hapa Dar. Kikohozi wiki tatu na zaidi, jasho la usiku, suruali inamvuka. Akapewa kikopo na maneno mawili tu: "Lete makohozi." Alipokirudisha, dada wa dirishani akakiinua foleni nzima ikione. "Wewe, haya ni mate! Rudi kesho." Mzee wa umri ule, shikamoo hakuna, anaitwa "wewe".

Sibishi, yalikuwa mate kweli. Lakini nani alimwelekeza? Makohozi hayatemwi, yanatolewa kifuani. Mgonjwa asukutue kinywa kwa maji matupu, avute pumzi ndefu na kuibana kidogo, mara mbili, kisha ya tatu akohoe kwa nguvu kutoka chini, kikopo kikiwa mdomoni. Afanyie nje penye upepo na jua, si chooni wala kwenye korido. Yanatakiwa mililita 3 hadi 5, kama kijiko kimoja cha chai, mazito; ya alfajiri kabla ya kula ndiyo bora. Jina liandikwe ubavuni mwa kikopo, maana mifuniko ikichanganyika maabara, imekula kwenu. Kueleza yote haya ni dakika tatu.

Na si jambo dogo. Mate yakiingia kwenye GeneXpert, mashine ya maabara ya kupimia TB, yenyewe haigombi na mtu. Inaweza kusema hakuna TB, na mgonjwa akarudi nyumbani ameridhika, anakoholea chumba kimoja na wajukuu. Kwa hiyo afadhali dada aliyakataa... naona nishaanza kumtetea.

Basi niseme na hili. Ugonjwa ulipoonekana, chumba cha dawa kilikuwa dunia nyingine. "Karibu baba, kaa hapa." Wakaanza na mizani: kilo 45, vidonge 3 kwa siku, kila kimoja kina dawa nne ndani yake, miezi 2, halafu miezi 4 ya dawa mbili. Bure. Wakamwambia mkojo utakuwa rangi ya chungwa, asishtuke akaacha dozi. Ila macho yakiwa ya manjano, au akianza kuchanganya rangi nyekundu na kijani, aje siku hiyo hiyo. Mwezi wa pili wa dawa makohozi yapimwe tena, hata kama amenenepa. Wakachukua namba ya simu ya atakayemsimamia kumeza. Wakauliza watoto wa chini ya miaka 5 pale nyumbani, waletwe wachunguzwe, wasio na ugonjwa wapewe dawa kinga. Hao nawapa tano, na nyingine ya nyongeza.

Ila kuwafikia lazima upite dirishani. Aliyeaibishwa mbele ya foleni, nauli ya kesho hana, anaishia duka la dawa kununua ya kikohozi, na miezi inapita.

Halafu bango la kufundisha kutoa makohozi wanalo! La picha, hatua kwa hatua, Kiswahili chepesi. Limebandikwa nyuma ya mlango wa kuingilia, na mlango huo kutwa uko wazi, umeegemea ukuta. Narudisha nyota moja.