Uzoefu wangu Naoshima: mama alikaa gizani, akatolewa kabla hajaona

Nina hasira na hii safari mpaka leo, na imeshapita miezi mingi tu. Kama kuna mtu anafikiria kwenda Naoshima, kile kisiwa cha Japani, kuangalia zile nyumba za kijiji zilizofanywa sanaa, usije ukaenda na ziara ya kundi ya siku moja. Usije. Kampuni yenyewe siitaji jina, ila nasema usije.

Mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Tanga, mimi nafanya kazi Osaka. Ana miaka sabini na kitu na magoti yanamsumbua, nikaona nisimhangaishe na kubadilisha treni na kukimbilia feri, bora nilipie wale wanaokuchukua na basi asubuhi wanakurudisha usiku. Tulikuwa watu kumi na kitu. Yule mtembeza watalii tangu bandarini ni kuangalia saa, haongei na mtu anaongea na saa, na tulipofika kijiji cha Honmura, ziliko zile nyumba, ndiyo ikawa balaa maana ni kijiji cha kutembea kwa miguu, vichochoro vyembamba, nyumba zimesambaa, nyingine kwa nje huwezi hata kujua kama ndani kuna kazi ya msanii. Mama akabaki nyuma kidogo. Yule mtembeza watalii akampigia makofi. Yaani pa pa pa, kama mtu anayefukuza kuku uani! Mama yangu mimi! Nikamwambia kaka huyu ni mtu mzima, akaniambia ratiba ni ratiba.

Hapo bado hatujafika Minamidera.

Minamidera si nyumba kuukuu kama zingine, ni jengo alilobuni msanifu majengo Tadao Ando pale palipokuwa na hekalu zamani, nje ni mbao za mwerezi zilizochomwa moto mpaka zikawa nyeusi, na ndani kuna kazi ya James Turrell, msanii anayetumia mwanga, ya mwaka 1999. Mnaambiwa mlangoni mzime simu, mnaingia kwa kupapasa ukuta, mnakaa kwenye benchi, giza lile sijawahi kuliona, ukiinua mkono mbele ya uso huuoni. Wahudumu wa pale ni wapole sana, sina neno nao hata moja. Mama akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbona sioni kitu?" Nikamwambia tulia mama, macho yanazoea taratibu. Baada ya dakika kadhaa mimi nikaanza kuona kama moshi mbele, halafu ule moshi ukawa na pembe, kitu kama kiambaza cha rangi ya kijivu, na nikajua ule mwanga ulikuwepo muda wote tangu tunaingia, ni macho yangu tu ndiyo yalikuwa hayajafika. Sasa macho ya mtu mzima yanachelewa zaidi kuzoea giza, hilo linajulikana. Mama akaanza kunibana vidole, "Kama kuna kitu pale... kama dirisha..."

Yule mtembeza watalii akainua mkono kuangalia saa. Ile saa ikawaka.

Jamani. Mwanga wa saa ya mkononi ukiwa nje si kitu, mle ndani ulikuwa kama taa za lori. Macho yakishapigwa na mwanga yanarudi nyuma, inabidi usubiri tena yazoee. Wenzetu waliokwisha kuona wakasogea mpaka pale mbele wakaingiza mikono, kumbe si kiambaza, ni uwazi mtupu. Mama bado yuko kwenye benchi ananiuliza, "Liko wapi? Limeenda wapi?" na yule anasema basi linasubiri, tutoke. Tukatoka. Wenzetu wale njiani wanasimuliana walichoona, mama kanyamaza kimya, anatembea ameshika ukuta wa nyumba za watu.

Sasa niseme ukweli, maana nilipoanza kuandika nilitaka kusema pesa imepotea yote, na haikupotea yote. Asubuhi tuliingia Kadoya. Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza kutengenezwa, mwaka 1998, nyumba ya miaka kama mia mbili, wakarudisha kuta za lipu na vigae vyake vizuri kabisa. Unavua viatu, unaingia chumba kina giza kiasi, na pale ambapo ungetegemea sakafu na mikeka ya tatami kuna maji. Ndani ya maji namba za taa 125 zinahesabu, nyekundu, za kijani, 1 mpaka 9 inazima inaanza tena, sifuri haipo. Ni kazi ya Tatsuo Miyajima, lakini kasi ya kila namba iliwekwa na mwanakijiji mmoja, watu 125, mdogo wao miaka 5 na mkubwa miaka 95. Nilipomweleza mama hivyo aliacha kabisa kulalamika magoti. Akachagua namba moja iliyokuwa inakwenda polepole sana kule pembeni, inakaa kwenye 4 mpaka unadhani imekufa, akasema hii lazima aliiweka mzee, huyu hakuwa na haraka. Akaikodolea macho mpaka tulipoitwa. Kwetu nyumba ya wazee ikibaki tupu inaota miti ukutani, watoto wote wako mjini, na Naoshima vijana walihama vilevile, ila pale nyumba imebaki nyumba na watu wa mtaani wamo ndani yake kwa namba zao. Hilo lilimgusa mama kuliko nilivyotegemea.

Hata Haisha aliipenda, ile iliyokuwa ya daktari wa meno, Shinro Ohtake kaijaza mabati na vyuma chakavu na sanamu refu la Uhuru kama lile la New York limesimama ndani limepita ghorofa, mama alicheka kweli. Na kwenye nyumba nyingine, Gokaisho, kuna maua ya tsubaki (kamelia) ya mbao yametawanywa chini, hakuamini ni mbao mpaka alipoambiwa.

Kwa hiyo sanaa yenyewe siwezi kuisema vibaya, nimejaribu nimeshindwa. Mtu unaweza kwenda mwenyewe, feri kutoka bandari ya Uno ni dakika 20 hivi, ukalala palepale kisiwani, ukakaa gizani mpaka uone. Mimi niliogopa usumbufu nikamnunulia mama usumbufu mkubwa zaidi.

Niliwaandikia wale watu, wakajibu kuwa sehemu zote zilizokuwa kwenye ratiba zilitembelewa.

Mama yuko Tanga sasa. Juzi kwenye simu kaniuliza tena, "Lile dirisha lilikuwa rangi gani?" Nikamwambia kijivu, mama, kijivu kinachoelekea bluu. Akasema basi alikuwa ameanza kuliona.