Kamusi la bure la simu: maana linazo, matumizi halina

Ni kamusi la Kiswahili kwa Kiswahili, la bure, na linafunguka bila ya bando. Kwa kuhakiki tahajia linafaa sana: upesi, herufi kubwa, halisumbui. Mwanafunzi anayelitegemea kwa insha ndiye tunayemhofia.

Lipimeni kwa neno fua. Linajibu kusafisha nguo kwa maji na sabuni, basi. Na nazi je? Nazi hufuliwa kwa kifuo mpaka makumbi yatoke, na mhunzi hufua chuma. Mtoto akisoma "walikuwa wakifua nazi" ataona watu na povu la sabuni. Kamusi la kweli hupanga maana kwa namba, na kila maana ikapewa sentensi yake.

Maana peke yake pia haimfikishi mtu mbali, kwani neno lina wenzake linaokwenda nao. Nazi huanguliwa mnazini, hufuliwa, huvunjwa, hukunwa kwa mbuzi, kisha tui likakamuliwa machicha yakabaki. Anayeandika "niliikata nazi nikaisugua" ataeleweka, lakini msomaji wa hapa Zanzibar atajua papo hapo kuwa jiko halijui. Tafuta chambua: utapata kueleza habari kwa undani. Karafuu za Pemba, zinazochambuliwa zitengwe na makonyo kabla ya kuanikwa, hazimo kabisa.

Upungufu mkubwa kuliko wote ni ngeli. Kamusi hili haliitaji hata mara moja, na ngeli ndiyo inayotenganisha maneno yanayofanana. Paa limevuja, hilo la nyumba. Paa amekimbia, huyo mnyama, kama paa nunga wa msitu wa Jozani. Kuna tena kupaa angani, na kupaa samaki, yaani kumtoa magamba. Yote manne limeyarundika katika aya moja. Hata neno kamusi lenyewe lina mjadala wake: BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, mwaka 2010 walitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha, ilhali TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, mwaka 1981 walitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Mwanafunzi anahitaji kuonyeshwa hilo.

Likikuambia "halipo", usikate tamaa mapema. Andika mzizi. Hatukupikiana: vua ha-tu-ku, ibaki pikiana, toa -an-, ibaki pikia, toa -i-, umefika pika. Majina yatafute kwa umoja: meno kwenye jino, nyuzi kwenye uzi. Jihadhari na kuta za Mji Mkongwe. Ukiandika kuta utaletewa kitenzi cha kukutana na mtu. Andika ukuta.

Libakishe kwenye simu kwa tahajia, na ununue la karatasi kwa kazi ya darasani. Dukani, kabla hujalipa, fungua fua, paa na chambua. Angalia namba za maana, ngeli, na sentensi ya mfano. Kama fua ina maana moja tu, lirudishe kwenye shubaka.