Staringi ya Camaro na Chevelle za zamani: nini ununue kwanza, nini kisubiri

Camaro za 1967 hadi 1969 na Chevelle za 1964 hadi 1972, zote za Chevrolet, zina nguvu ya kutosha, lakini usukani wake ni mwepesi kupita kiasi. Ukiwa barabara kuu unauzungusha vidole viwili huku au kule na gari halijali, halafu ghafla linafuata. Wenye magari haya wengi hukimbilia kuagiza staringi boksi mpya, yaani sanduku la gia linalogeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa kukata magurudumu. Boksi huwa na makosa yake, ila mara nyingi si ya kwanza kwenye foleni. Orodha hii imepangwa kwa jinsi kila kitu kinavyorudisha thamani ya hela yake.

Kabla hujanunua chochote, fanya kipimo cha dakika 10. Gari likae chini kwa matairi yake, si kwenye jeki. Washa injini kama lina pawa staringi, mtu mmoja atikise usukani kidogo kushoto na kulia, wewe angalia chini kuanzia rodi ya usukani mpaka kwenye gurudumu. Weka kidole kwenye kila kiungo. Pale ambapo upande mmoja unasogea na wa pili umetulia, hapo ndipo hela yako ya kwanza iende.

1. Alaimenti ya kisasa, juu ya tairi za rediali

Hakuna kitu kingine kwenye orodha hii kinachobadilisha gari kiasi hiki kwa bei hii. Vipimo vya kiwandani vilitungwa kwa tairi za zamani zenye nyuzi zilizopishana, na kasta (mwegemeo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao gurudumu hukatia juu yake) iliwekwa karibu na sifuri ili usukani usiwe mzito wakati wa kuegesha. Kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati na kuupa uzito mkononi. Bila hiyo gari linazurura.

Mwombe fundi vipimo hivi: kasta chanya digrii 3 hadi 5 kama kuna pawa staringi, au 2 hadi 3 kama haipo; kemba hasi nusu digrii, yaani gurudumu liinamie ndani kidogo kwa juu; matairi ya mbele yaelekee ndani milimita 1.5 hadi 3 kwa jumla. Mpe namba hizo zimeandikwa kwenye karatasi. Mashine ya alaimenti ina vipimo vya kiwandani, kwa hiyo itaonyesha nyekundu, na fundi asiyejua atarudisha kila kitu kilipokuwa ili aone kijani. Kasta inapatikana kwa kuhamisha shimu, vile vibati vyembamba kwenye shafti ya mkono wa juu wa sasipenshoni: ongeza kwenye bolti ya nyuma, punguza kwenye ya mbele. Kasta ya kulia izidi ya kushoto kwa nusu digrii hivi ikiwa barabara za kwenu zinainamia kulia, kama zilivyo za Marekani.

Mikono ya kiwandani mara nyingi haifiki digrii 4 bila rundo la shimu upande mmoja. Hapo ndipo mikono ya juu ya bomba, iliyotengenezwa na kasta ya ziada ndani yake, inapostahili bei yake. Usiinunue kwa sura. Muulize muuzaji imeongezewa digrii ngapi. Asipojua, tafuta mwingine.

Ukiwa hapo mbele, angalia beringi za magurudumu. Zikilegea, hata alaimenti nzuri haitasikika. Kaza nati kwa futi-pauni 12 huku ukizungusha gurudumu, ilegeze, ikaze tena kwa vidole tu, rudisha mpaka tundu la pini lilingane, kisha weka spliti pini mpya. Mchezo (ulegevu) unaobaki uwe kati ya inchi 0.001 na 0.005.

2. Tairodi endi, boljointi na mkono wa aidla

Tairodi endi ni ncha za fito zinazosukuma magurudumu yakate, na boljointi ni viungo vya duara vinavyoshika gurudumu kwenye mikono ya sasipenshoni. Lakini mkono wa aidla ndiye mtuhumiwa wa kwanza. Unabeba upande wa abiria wa sentalinki, fito ndefu ya katikati inayosukuma tairodi za pande zote mbili, na ukichoka unapanda na kushuka; kila unapopanda, mwelekeo wa gurudumu unabadilika bila wewe kugusa usukani. Ushike, usukume juu na chini kwa nguvu. Ukisogea zaidi ya milimita 3 kila upande, ubadilishe. Zipo aidla zenye beringi ndani badala ya bushi, na kwa magari haya ninazipendekeza bila kusita, kwa kuwa tofauti ya bei ni ndogo na mchezo unaisha kabisa.

Nunua tairodi endi nne pamoja, zenye tundu la kuwekea grisi. Vishikio vya mabomba ya tairodi viwekwe ambapo havigusi fremu magurudumu yakikatwa mpaka mwisho. Na kwenye Camaro kuwa mwangalifu: kulikuwa na mikono ya pitmani (unaotoka kwenye boksi kusukuma sentalinki) na ya aidla mifupi na mirefu, na lazima ilingane. Ukichanganya mfupi na mrefu, sentalinki inakwenda mshazari na magurudumu mawili hayakati sawa.

3. Kapulingi ya mpira

Ni kiungo cha mpira na kitambaa kati ya rodi ya usukani na boksi. Mpira ukipasuka au kulainishwa na mafuta, unapoteza hisia yote pale pale. Bei yake ni makumi ya dola. Bolti zake mbili hazina ukubwa sawa, kwa makusudi, ili isifungwe kinyume. Chagua yenye waya wa kupitisha umeme kati ya pande mbili, la sivyo honi inaweza kunyamaza. Kiungo cha chuma kinachoizidi kwa ukali kipo, lakini kinaleta mtikisiko wa barabara mpaka mkononi. Kwa gari la safari mpira mpya unatosha.

4. Staringi boksi ya uwiano wa haraka

Sasa boksi. Boksi ya aina ya Saginaw ya uwiano wa 12.7 kwa 1 (mizunguko 12.7 ya kuingia kwa mmoja wa pitmani) inaliamsha gari, hasa ukitoka kwenye boksi ya mkono ya 24 kwa 1. Una njia mbili: iliyojengwa upya kwa ajili ya gari lako, ikiwa na toshenibaa (fito inayojipinda ili kufungua valvu ya pawa) nene zaidi ndani ya valvu, au boksi ya gari la baadaye. Nachagua ya kwanza. Toshenibaa nene ndiyo inayoleta uzito. Uwiano wa haraka peke yake unakupa usukani mwepesi ule ule, sasa ukiwa na haraka.

Za Camaro ya IROC-Z na za Jeep Grand Cherokee ya miaka ya 1990 hufungwa sana kwa sababu ni rahisi kupatikana. Fahamu mitego yake. Baadhi zina vizuizi ndani vinavyopunguza safari ya pitmani, na gari linahitaji uwanja mkubwa kugeuka. Mizunguko michache ya usukani haimaanishi uwiano wa haraka, kwa hiyo uliza uwiano wenyewe. Shafti ya kuingilia inaweza kutaka kapulingi tofauti. Matundu ya mabomba ya pawa ni ya O-ringi na ya milimita, si ya kipimo cha inchi kama ya zamani, hivyo hesabu bei ya mabomba au adapta.

Kuhusu skrubu ya juu ya boksi: usiikaze kutibu mchezo kabla ya kumaliza namba 1 hadi 3. Gia zimekatwa zibane katikati tu. Zilizolika katikati ukizikaza hadi mchezo uishe, zinabana pembeni na usukani haurudi wenyewe baada ya kona.

Mkono wa pitmani utolewe kwa pula, kamwe si kwa nyundo. Osha pampu na mabomba kabla ya kufunga boksi mpya, maana uchafu wa zamani ndio unaoiua. Kutoa hewa: inua mbele, injini imezimwa, zungusha polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara 20 au zaidi huku ukijaza mafuta, ndipo uwashe.

5. Kupunguza mtiririko wa pampu

Ni kipande kidogo kwenye mlango wa pampu, cha bei ndogo. Kinafaa pale tu usukani unapobaki mwepesi baada ya yote hayo. Ukipunguza mno, ukikata haraka injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, usukani unashika ghafla.

6. Reki

Ni mfumo wa fito yenye meno unaochukua nafasi ya boksi. Inagharimu maelfu ya dola, na ndiyo maana iko mwisho. Reki zenyewe ni kali. Shida ni mahali zinapofungwa: viungo vya ndani visipokaa kwenye mstari wa mikono ya sasipenshoni, gari linajikata lenyewe kila linaporuka tuta. Nyingi pia zina safari fupi na zinaongeza uwanja wa kugeukia. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji akupe kwa maandishi badiliko la mwelekeo wa gurudumu kwa kila inchi ya safari ya sasipenshoni, na hakikisha nafasi ya hedazi (mabomba ya moshi) na sampu (bakuli la oili) ya injini yako.