Tandiko la tundu la kinyonga: la kununua na la kuacha dukani

Kinyonga hana kazi kubwa chini. Jike hushuka akitaka kutaga, dume akitafuta mwenza, na yeyote kati yao akitaka kukimbia mahali pasipomfaa. Siku nyingine zote yuko tawini. Kwa hiyo wenye maduka ya wanyama wanapokuambia tandiko fulani "litampa raha", kumbuka kwamba ni nadra alikanyage. Tandiko lipimwe kwa mambo mengine: linafanya nini na maji unayonyunyizia, linakuonyesha choo au linakificha, na je, lina kitu ambacho ulimi unaweza kukibeba. Hapa tunapima yale yanayouzwa zaidi Marekani na Ulaya kwa vinyonga watatu wanaofugwa sana: wa Yemen (Chamaeleo calyptratus), wa Madagaska (Furcifer pardalis), na wa pembe tatu (Trioceros jacksonii), ambaye kwao ni milima ya Kenya na Mlima Meru. Huyu wa mwisho, kwa aliyeko Kenya, ni mnyamapori: hafugwi bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Tuanze na ulimi, maana ndio unaoamua mengi. Ute wa ncha yake ni mzito mara 400 hivi kuliko mate ya binadamu; hivyo ndivyo watafiti walivyopima mwaka 2016. Nyenje akiwa juu ya magamba ya mti, ulimi ukimnasa hurudi na nyenje pamoja na alichokikanyaga. Kinyonga hatemi, anatafuna na kumeza vyote. Mwenye maji ya kutosha mwilini na joto linalomfaa huenda akakitoa kipande hicho chooni. Aliyekaukiwa kinamkwama, utumbo unaziba, na dalili huja zimechelewa: anaacha kula, anajikamua bila kutoa choo, rangi inakolea, macho yanafumba mchana.

Kwa sababu hiyo chaguo letu la kwanza halina bei: sakafu tupu. Chukua bamba la plastiki la tundu la wavu, litoboe matundu ya milimita 6 kila baada ya sentimita 10, gundisha wavu mwembamba juu ya matundu ili nyenje wasitoroke, weka trei chini. Inua upande wa nyuma kwa kipande cha ubao cha sentimita 1 ili maji yateremke mbele badala ya kutuama kwenye pembe. Futa kila siku, na mara moja kwa wiki osha kwa maji moto na sabuni ya vyombo. Ukitumia dawa ya klorini ya kufulia, changanya sehemu 1 kwa 10 za maji, iache dakika 10, suuza mpaka harufu iishe kabisa, na kinyonga awe nje ya tundu muda wote huo. Tatizo la sakafu tupu ni kwamba unyevu hauhifadhiwi. Mimea ya vyungu na kunyunyiza asubuhi na usiku hufidia hilo.

Vyungu hivyo navyo ni tandiko, na wengi hawalioni. Udongo wa bustani wa kwenye mfuko huwa na mbolea ya punje na vile vidonge vyeupe vya perlaiti. Kwa jicho la kinyonga, kitu kidogo cheupe juu ya udongo mweusi ni chakula. Hamishia mmea kwenye udongo usio na mbolea, kisha funika uso wa chungu kwa mawe ya mtoni ya sentimita 4 hadi 5, yasiyoweza kuingia mdomoni mwake.

Karatasi ya jikoni, nyeupe, isiyo na maua wala manukato, ndiyo bora kwa mgeni, mgonjwa na watoto. Tandika tabaka 2 au 3, badilisha kila siku. Thamani yake ni kusoma choo. Choo kizuri kina sehemu ya kahawia iliyoshikana na sehemu nyeupe ya mkojo mzito. Sehemu hiyo nyeupe ikigeuka rangi ya chungwa, mnyama ana kiu. Kinyonga aliyekamatwa porini mara nyingi huja na minyoo, na mayai ya minyoo yakidondoka kwenye udongo wenye unyevu hubaki yakimsubiri. Mweke kwenye karatasi siku 60 hadi 90, na choo chake kipimwe kwa daktari wa wanyama angalau mara mbili. Kasoro moja: nyenje hujificha chini ya karatasi, na usiku hupanda na kumng'ata kinyonga aliyelala. Mpe nyenje wake kwenye kikombe chenye kuta telezi, na jioni inua karatasi uwatoe waliobaki. Gazeti linafaa kwa dharura tu. Likilowa huwa uji, na halikauki haraka.

Zulia la reptilia hatulipendekezi. Nyuzi zake hunasa kucha, na kinyonga akijivuta kucha hung'oka. Tena likilowa mara tatu linanuka.

Maranda ya msonobari na mwerezi, hapana: mafuta yake yenye harufu huumiza mapafu. Mchanga mkavu, "mchanga wa kalsiamu", maganda ya walnuti yaliyosagwa na changarawe ndogo, vyote hapana. Magamba ya miti yanapendeza machoni, lakini kipande kimoja chaweza kuwa kikubwa kuliko utumbo unavyoweza kupitisha na bado kikawa kidogo kiasi cha kuingia mdomoni. 

Unga wa makumbi, yaani maganda ya nazi yaliyosagwa, unahitaji maneno zaidi, kwa sababu unauzwa sana, na kwa sababu watu wa pwani wanamjua mama yake. Tofali la gramu 650 likilowekwa katika lita 3 hadi 4 za maji ya vuguvugu huvimba na kufikia lita 8 hivi. Kwa tundu la sentimita 45 kwa 45, tofali moja linakupa kina cha sentimita 4, basi. Kwa la 60 kwa 60, kila sentimita ya kina inataka lita 3.6, kwa hiyo kina cha sentimita 10 ni matofali manne na nusu. Hesabu kabla ya kulipa.

Shida yake ya kwanza ni chumvi. Anayejua namna makumbi yanavyofukiwa ufukoni miezi kadhaa ili yatoe usumba wa kamba ataelewa: makumbi yaliyolowekwa maji ya bahari hubaki na chumvi mpaka kwenye unga wake. Matofali ya maduka ya reptilia kwa kawaida yameoshwa. Ya maduka ya bustani si lazima, na mengine yametiwa mbolea, kwa hiyo soma lebo. Vyovyote vile, loweka, kamua ndani ya kitambaa, mwaga maji, rudia mara tatu. Shida ya pili ni kwamba juu hukauka na kuwa vumbi linaloganda ulimini na kuingia machoni, huku chini kumelowa na kuoza. Chembe zake ni laini na nyingi hupita tumboni, ndiyo maana tunauona bora kuliko magamba. Hata hivyo hatuushauri ukiwa peke yake. Ufunike kwa majani.

Hapo ndipo inapokuja sakafu hai, ambayo ni nzuri sana kwa mwenye muda. Trei isiyovuja yenye kimo cha sentimita 20. Chini mipira ya udongo wa kuchoma, kina cha sentimita 4 au 5. Juu yake wavu. Kisha sentimita 10 za mchanganyiko wa unga wa makumbi sehemu 2, udongo usio na mbolea 2, mchanga ulioshwa 1. Halafu majani makavu sentimita 3 au zaidi. Majani ya mwaloni yanafaa, na ya mkungu vilevile, yale ambayo huko nje yanauzwa kwa kuhesabiwa jani moja moja. Tia kolembola na isopodi, vijidudu vya udongoni wanaokula kinyesi na ukungu, uwaache wiki 4 hadi 6 kabla ya kumwingiza kinyonga. Simamisha bomba jembamba pembeni mpaka kwenye mipira, upate kuvuta maji yanapojaa. Maji yakifika kwenye udongo utasikia harufu ya yai viza. Maana yake hewa imekwisha humo, na kunyunyiza kupunguzwe siku hiyohiyo.

Jike wa Yemen au Madagaska ana haki yake ya pekee, hata kama kwingine kote umeacha sakafu tupu. Wa Yemen hutaga hata asipoona dume, mara nyingi mayai 30 hadi 60. Asipopata pa kuchimba huyazuia mpaka yamuue. Weka ndoo au sanduku lisiloonyesha ndani, upana sentimita 30 kwa 30, lenye matundu ya kutolea maji. Jaza kina cha sentimita 25 hadi 30 cha mchanga ulioshwa na udongo usio na mbolea, nusu kwa nusu. Jaribio ni hili: fumbata konzi moja, ishikamane bila kudondosha maji. Kisha chimba kwa vidole shimo la mshazari mpaka chini. Dari likibomoka, ongeza maji kidogo, shindilia, rudia. Pango linalobomoka humfanya aanze upya mpaka aishiwe nguvu. Elekeza tawi moja mpaka ndani ya sanduku, na akianza kuchimba funika tundu kwa shuka, kwani akiona mtu huliacha shimo. Akichimba siku kadhaa bila kutaga, au akikaa chini mchana macho yamefumba, mpeleke kwa daktari siku ileile.

Wa pembe tatu hazai mayai, anazaa watoto hai, kwa hiyo sanduku hilo halimhusu. Kwake hakikisha sakafu haina hata kidimbwi kidogo cha maji, kwa sababu watoto wake hudondoka moja kwa moja kutoka tawini.