Bushi za mpira za nyuma kwenye Corolla ya zamani: uzoefu wangu hapa Goma

Bushi ninazozizungumzia hapa, yaani vipande vya mpira vyenye bomba dogo la chuma katikati vinavyokaa kwenye ncha za mikono inayoshika gurudumu, ni zile zinazouzwa peke yake, bila mkono wake, na nimezifunga mwenyewe nyumbani kwenye mikono ya nyuma ya Toyota Corolla E110 iliyotengenezwa mwaka 1998. Nimeridhika nazo, na ningezinunua tena. Hata hivyo, mtu asidhani kwamba kununua bushi nzuri kunatosha, kwa sababu bushi bora iliyokazwa vibaya huchanika mapema kama ile ya bei ya chini.

Anayeendesha gari Goma hahitaji kuelezwa kwa nini sehemu hizi zinakufa haraka. Njia nyingi za mitaani zinapita juu ya mawe ya volkano, mengine yakiwa ni lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo mwaka 2002 ikafunika sehemu ya mji, na hata pale palipomwagwa changarawe, changarawe yenyewe ni ya mawe hayohayo yenye kingo kali. Katika gari hili kila gurudumu la nyuma linashikwa na shokapu kwa juu, mikono miwili ya kukingama kwa chini, na fimbo moja inayoelekea mbele. Mpira ulio kwenye ncha za mikono hiyo ndio unaomeza mishtuko na kulizuia gurudumu lisigeuke lenyewe. Ukichakaa, mkia wa gari unayumba kila unapokutana na shimo, mlio mzito unasikika nyuma, na tairi linaanza kulika upande mmoja tu. Mafundi wengi huharakisha kulaumu shokapu. Mimi hushauri kwanza kuingiza mtaimbo kati ya mkono na chuma unachofungiwa, kisha kuusukuma taratibu: ukiona mkono unahama ovyo huku bomba dogo la katikati ya bushi likibaki palepale, jibu umelipata.

Uani kwangu ni changarawe ya lava tupu, nayo huteleza chini ya uzito. Kwa hiyo nilitandika mbao nene, nikaweka stendi mbili imara juu yake, na magurudumu ya mbele nikayazuia kwa magogo. Kazi ya aina hii haifanywi gari likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Kabla ya kulegeza chochote nilipiga alama ya rangi mahali pa kurekebishia mwelekeo wa gurudumu, ili mkono urudi karibu na pale ulipokuwa.

Bolti ndizo zilizokula muda. Kijana anayenisaidia, ambaye anajifunza ufundi, alizungusha spana kisha akaniita: «Papa, nati imetoka, lakini bolti inazunguka pamoja na bushi nzima.» Kutu ilikuwa imeunganisha bolti na bomba la ndani, na hilo ni jambo la kawaida kwa gari la umri huu. Mafuta ya kulegeza kutu yaliyoachwa usiku kucha yalisaidia upande mmoja. Upande wa pili tulikata bolti kwa msumeno wa chuma, tukipitisha meno kati ya bushi na chuma cha gari. Bushi ya zamani ilipotoka niliigeuza mkononi: bomba la katikati lilikuwa limeegemea upande mmoja, mpira umepasuka nusu duara, na ndani ya ule ufa mlikuwa na vumbi jeusi la mawe, laini kama unga, lililokuwa likiusaga mpira kila gurudumu lilipopanda na kushuka.

Kuingiza mpya hakuhitaji mashine kubwa. Nilitumia fimbo ndefu ya chuma yenye meno ya nati, washa nene, na vipande viwili vya bomba: kimoja kipana kinachopokea bushi ya zamani inapotoka, na kingine kinachosukuma ukingo wa nje wa ile mpya bila kugusa mpira wake. Tundu la mkono lisafishwe kwa msasa hadi ling'ae. Mpira usipakwe grisi ya kawaida, kwa sababu mafuta yaliyomo huuvimbisha na kuulainisha. Maji ya sabuni yanatosha. Hapa ndipo bidhaa hii ilipojionyesha, kwani ganda lake la nje liliingia kwa kukaza kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kupwaya.

Sasa jambo ambalo ningependa kila fundi alishike. Mpira wa bushi hizi umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na hauzunguki bali unajinyonga. Bolti ikikazwa gari likiwa hewani na magurudumu yananing'inia, mpira unabaki umenyongwa mara tu gari linaposhuka chini, na kila shimo linauongezea mateso hadi uchanike. Mimi nilizifunga bolti kwa mkono tu, nikarudisha magurudumu, nikaliteremsha gari juu ya vipande vya mbao pana ili nipate nafasi ya kuingia chini, nikalitikisa mara kadhaa likae sawa, ndipo nikazikaza kikamilifu kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Nilifikiria pia zile za poliurethani, ambayo ni aina ya plastiki. Zinadumu na hazijali mafuta, lakini ni ngumu, hulia zisipopakwa grisi ya silikoni, na hupeleka mshtuko wa kila jiwe moja kwa moja kwenye bodi. Kwa barabara zetu naona mpira unafaa zaidi.

Tangu nizifunge, mlio umekwisha, na gari linashika njia hata kwenye barabara ya Sake likiwa limejaa watu. Nilipeleka magurudumu kupimwa mwelekeo, kwa sababu alama ya rangi haitoshi kuyalinda matairi mapya. Kasoro nilizoziona ni mbili: bushi moja ilikuwa na ukingo wenye makali uliohitaji tupa kabla ya kuingia, na pakiti haina bolti wala nati. Kwa gari la umri huu bolti mpya ni za lazima, nami nilizitafuta kando huko mtaa wa Birere. Mwenye mikono iliyoliwa na kutu hadi tundu limepanuka asinunue bushi hizi. Anunue mkono mzima, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.