Nyumba ya 1923, povu la kupulizia na harufu ya dagaa

Nyumba yetu iko Minneapolis, imejengwa 1923, ghorofa moja na nusu, kuta za mbao zilizopigwa lipu. Tuliinunua mwezi wa saba, tukausifia upepo wake. Januari ikatufunza adabu. Nje nyuzi 27 chini ya sifuri, hita inanguruma usiku kucha, na chumba cha watoto kule juu unaona pumzi yako. Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga alilala na soksi, blanketi mbili na kanga juu yake. Asubuhi akaniuliza, "Mwanangu, hii nyumba mmeinunua au mmepewa?"

Kabla ya kuita fundi nilifanya jaribio la kienyeji. Niliwasha kijiti cha udi, nikazunguka nacho besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba. Pale ukuta wa mawe unapokutana na mbao za sakafu, moshi ulilala ubavu kama bendera: upepo wa nje ulikuwa unaingia hapo. Baadaye alikuja mtaalamu na feni kubwa, akaifunga mlangoni ivute hewa ya ndani, akanionyesha palepale. Yeye alitaka dola 300.

Wakandarasi watatu walinipa bei ya povu la kupulizia, kemikali inayoumuka na kuganda ili kuziba upepo na kuzuia baridi. Mmoja alitaka kupuliza paa zima kwa dola 11,000, na sikuona sababu. Nikachukua kazi ya sehemu mbili: ukingo wa besimenti dola 1,400, na mteremko wa paa juu ya chumba cha watoto dola 4,600. Nilichagua povu gumu badala ya lile laini la kama sponji. Gumu ni ghali, lakini inchi moja yake huzuia baridi karibu mara mbili ya laini, tena unyevu haulipenyi kirahisi. Mbao za paa letu hazifiki kina cha inchi 6, kwa hiyo kila inchi ilikuwa na kazi yake.

Gharama ambayo hakuna aliyenitajia ni nyaya. Darini kulikuwa na umeme wa enzi hizo, nyaya zinazopita kwenye vigololi vya kauri. Hizo huruhusiwi kuzifunika kwa povu, kwa sababu hutegemea hewa kupoa. Fundi umeme akala dola 2,300 kabla hata bomba la povu halijafika. Ukiwa na nyumba ya umri huo, anza na umeme ndipo uulize bei ya povu.

Siku ya kazi tulihamia kwa jamaa zetu, maana waliagiza tusiingie kwa saa 24. Nilichungulia kidogo kabla ya kufukuzwa. Lori limebeba mapipa mawili ya kemikali, mipira mirefu inayopashwa moto, na fundi amevaa suti nyeupe na barakoa ya kuletewa hewa. Kinachotoka kwenye bunduki ni majimaji mepesi kama uji wa mgonjwa. Hesabu sekunde chache: yameumuka kama maandazi, dakika hazijapita nyingi unagonga yanalia ko-ko.

Besimenti sina neno. Udi niliurudisha, moshi ukapanda wima. Sakafu ya jikoni, ambayo mke wangu alikuwa akiikanyaga kwa ncha za vidole, sasa anatembea peku. Kazi hiyo peke yake naipa alama kumi.

Chumba cha watoto ndiko nilikoona cha mtema kuni. Usiku wa pili kulikuwa na harufu ya dagaa walioanikwa wakanyeshewa. Nikapiga simu, nikaambiwa fungua madirisha, itaisha kwa siku mbili tatu. Wiki mbili zikapita, watoto wanalala sebuleni, mimi nimefungua madirisha Novemba ya Minnesota! Walipokubali kuja, wakakata kipande kati ya mbao mbili. Nje povu lilikuwa la rangi ya maziwa, katikati kahawia kama keki iliyoungua ndani. Fundi alikuwa amepuliza unene wote kwa mkupuo mmoja. Povu likiumuka hutoa joto, na likiwa nene sana joto hilo halina pa kutokea, linajiunguza lenyewe. Linatakiwa tabaka la kama inchi 2, lipoe, ndipo liongezwe lingine. Walikwangua kwa visu na misumeno siku mbili, wakapuliza upya bure. Harufu ikaisha, na barafu iliyokuwa ikining'inia ukingoni mwa paa kama meno ya papa haikurudi mwaka huo.

Bili ya gesi ya Januari ilishuka kutoka dola 215 hadi 150. Hesabu mwenyewe itachukua miaka mingapi pesa kurudi. Nilipata afueni kidogo ya kodi ya serikali kuu, asilimia 30 ya gharama ya vifaa bila ufundi, ila mpango huo ulikoma mwisho wa 2025. Kuta za lipu sikuzigusa kwa povu. Zilitobolewa matundu zikajazwa karatasi zilizosagwa, kazi rahisi na nafuu zaidi. Na kama hita yako ya maji ni ya gesi na ya zamani, iangaliwe bomba lake la moshi baada ya kuziba nyumba, na kengele ya kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, iwepo.

Kwa walioko Uingereza, ulizeni benki kwanza, kwani baadhi yao hukataa kukopesha nyumba yenye povu kwenye paa.

Kabla hujalipa senti ya mwisho, mwambie fundi akate kipande mbele yako, mkione cha katikati. Mimi nilimaliza kulipa jioni ileile, nikampa na chai ya maziwa.